Jaji Hakupimi: Anasoma Faili Lako

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu, mtoto au jirani anayeishi Marekani. Wengi wa jamaa zetu hao hufanya kazi za nguvu: kutunza wazee na wagonjwa, kubeba mizigo katika maghala, kuendesha malori. Ni kazi zinazolipa, lakini pia ni kazi zinazokula mwili. Mgongo huumia kwa kumwinua mgonjwa kitandani, magoti huisha kwa kusimama kutwa, na kisukari au shinikizo la damu huingia bila kupiga hodi. Kisha siku moja simu inalia nyumbani: "Mama, siwezi kazi tena. Niliomba malipo ya ulemavu na wamenikatalia."

Baada ya simu hiyo, sisi madaktari wa huku huulizwa swali moja na jamaa: je, mahakama haiwezi kumsaidia? Jibu ni kwamba inaweza. Hata hivyo, mahakama hiyo haifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Jaji hatamwona mgonjwa. Hatamgusa mgongo wala kumwuliza anavyolala usiku. Atasoma karatasi. Kesi nyingi za namna hii hushinda au hushindwa kwa yale yaliyoandikwa kliniki miaka miwili au mitatu kabla ya kufika kwa jaji. Kwa hiyo, msomaji, jambo hili ni la afya kama lilivyo la sheria, na inafaa kulielewa mapema.

Malipo yenyewe

Marekani ilitunga Sheria ya Hifadhi ya Jamii mwaka 1935, lakini malipo ya kila mwezi kwa mfanyakazi aliyelemaa yaliongezwa mwaka 1956. Mwanzoni yalikuwa ya waliotimiza miaka 50. Mwaka 1960 sharti hilo la umri liliondolewa.

Siku hizi kuna mipango miwili. Wa kwanza, ujulikanao kwa herufi SSDI, ni wa aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya hifadhi ya jamii katika mshahara. Kwa kawaida mtu mzima anatakiwa awe na alama 40 za kazi, na 20 kati yake awe amezipata katika miaka 10 ya mwisho. Mtu hupata alama zisizozidi nne kwa mwaka, na vijana hutakiwa kuwa na chache zaidi. Wa pili, SSI, ulioanza kulipa Januari 1974, ni wa maskini walio wazee, vipofu au walemavu, hata kama hawakuchangia. Ikumbukwe kwamba tangu mwaka 1996 sheria imebana sana wageni wasio raia katika mpango huu wa pili. Aidha, Marekani haina mkataba na Kenya wa kujumlisha michango, kwa hivyo miaka uliyochangia NSSF hapa haiongezi alama kule.

Si fedha za chakula na kodi ya nyumba pekee zinazopiganiwa. Anayepata SSDI huingia katika bima ya matibabu ya serikali baada ya miezi 24 ya kustahili malipo, hata kama hajafikia uzee. Kwa mtu mwenye figo mbovu au moyo dhaifu, bima hiyo huenda ikawa na thamani kuliko hundi yenyewe.

Ugonjwa si ulemavu

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Daktari akishasema una kisukari, kiharusi au yabisi, wewe huona mambo yamekwisha. Sheria haioni hivyo. Inauliza kama ugonjwa uliothibitishwa kitabibu unakuzuia kufanya kazi yoyote ya maana, na kama umedumu au unatarajiwa kudumu kwa muda usiopungua miezi 12, au kuishia katika kifo. Mfupa uliovunjika na kupona kwa miezi sita hauingii, hata kama maumivu yake yalikuwa makali namna gani.

Kazi ya maana hupimwa kwa kipato. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu. Anayepata zaidi ya hapo kwa kufanya kazi hukataliwa bila hata ugonjwa wake kuangaliwa.

Baada ya hapo huulizwa kama ugonjwa ni mzito, na kama unalingana na orodha ya maradhi makubwa ambayo Idara ya Hifadhi ya Jamii imeyachapisha. Kama haulingani, hupimwa uwezo uliobaki mwilini: unaweza kuketi kwa saa ngapi, kusimama kwa saa ngapi, kubeba uzito gani, kukumbuka na kufuata maagizo kwa kiasi gani. Kazi ya kukaa, kwa mfano, ni ile isiyotaka mtu ainue zaidi ya ratili 10, yaani karibu kilo nne na nusu, na kwa kawaida humtaka aketi kwa karibu saa sita katika siku ya saa nane. Kazi nyepesi ni ya ratili 20. Ndipo huulizwa kama kwa uwezo huo unaweza kurudia kazi yako ya zamani, na kama huwezi, kama ipo kazi nyingine yoyote unayoiweza kwa umri, elimu na ujuzi wako.

Angalia vizuri, msomaji. Mtu wa miaka 35 aliyeshindwa kuwainua wagonjwa anaweza kuambiwa akae mezani kupokea simu. Mwenzake wa miaka 55 mwenye mgongo kama huohuo, elimu ndogo na asiye na ujuzi mwingine, huenda akapewa malipo. Ugonjwa ni mmoja ila majibu ni mawili, wala si lazima kuwe na upendeleo.

Ngazi kabla ya mahakama

Huwezi kukimbilia mahakamani siku ya kwanza ya kukataliwa. Kwanza maombi huamuliwa na ofisi ya jimbo kwa niaba ya Idara. Yakikataliwa, unaomba yaangaliwe upya. Yakikataliwa tena, unaomba kusikizwa na hakimu wa Idara. Hii ndiyo ngazi muhimu kuliko zote, kwa maana ndipo mahali pekee ambapo kwa kawaida mgonjwa huzungumza mwenyewe mbele ya anayeamua. Mara nyingi huwapo pia mtaalamu wa kazi, ambaye huulizwa ni kazi gani mtu wa namna hiyo anaweza kuifanya. Ushahidi wa maandishi hutakiwa uwasilishwe, au utajwe kwa maandishi, angalau siku tano za kazi kabla ya kikao. Ngazi ya nne ni Baraza la Rufani la Idara. Baraza likikataa, ndipo mlango wa mahakama ya serikali kuu hufunguka.

Kila ngazi ina muda wake: siku 60 tangu upokee barua. Huhesabiwa kwamba barua hukufikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, isipokuwa uonyeshe vingine.

Mahakamani hufanyika nini?

Mahakamani hakuna baraza la wazee wa kura, hakuna mashahidi wapya, na kwa kawaida hakuna kuapishwa. Idara huleta nakala ya faili lote: vyeti vya madaktari, vipimo, picha za eksirei, maneno yaliyosemwa mbele ya hakimu, na hukumu yake. Tangu Desemba 2022 kesi hizi zina kanuni zake maalum. Kila upande huandika hoja zake na jaji huzisoma pamoja na faili.

Jaji haulizi, "Je, mtu huyu ni mgonjwa?" Sheria humzuia kuanza kupima ushahidi upya. Maswali yake ni mawili. Kwanza, je, hakimu alifuata sheria? Pili, je, aliyoyaamua yana ushahidi wa kutosha ndani ya faili? Na huo "ushahidi wa kutosha" si mlima. Mahakama ya Juu ya Marekani imesema mara nyingi kwamba ni zaidi ya chembe tu, kiasi ambacho mtu mwenye akili timamu angeweza kukikubali. Mwaka 2019, katika kesi ya Biestek dhidi ya Berryhill, majaji walirudia kwamba kipimo hicho si kirefu. Hivyo inawezekana jaji aone kwamba yeye mwenyewe angeamua vingine, na bado auache uamuzi wa hakimu usimame.

Somo kubwa kwetu madaktari limo katika kesi ya mwaka 1971, Richardson dhidi ya Perales. Dereva mmoja wa lori wa San Antonio, Texas, aliumia mgongo mwaka 1965 akiinua kitu kazini. Daktari wake wa kawaida alifika mbele ya msikilizaji wa kesi akamtetea kwa mdomo. Upande wa pili zilikuwapo ripoti za madaktari wengine waliompima, ambao hawakufika. Mahakama ya Juu iliamua kwamba ripoti hizo zinaweza kuwa ushahidi wa kutosha ingawa walioziandika hawakuhojiwa, maana mlalamishi hakuwa ametumia haki yake ya kuomba waitwe. Daktari aliyekuja mwenyewe alishindwa na karatasi za wasiokuja.

Mgonjwa akishinda, mara nyingi jaji hamwamuru mtu alipwe papo hapo. Hurudisha kesi kwa Idara ikasikizwe tena, kwa sababu, kwa mfano, hakimu aliruka maoni ya daktari bila kueleza kwa nini, au hakugusa ugonjwa mmoja kati ya kadhaa. Ushahidi mpya mahakamani hukubaliwa kwa shida sana: ni lazima uwe wa maana, na uwe na sababu nzuri ya kutowasilishwa mapema. "Nilisahau cheti nyumbani" si sababu nzuri.

Cheti chenye nguvu na cheti kisicho na nguvu

Tuseme kuna mwanamume wa miaka 52, aliyekuwa akitunza wazee. Daktari wa kwanza anaandika: "Ana maumivu ya mgongo. Hawezi kufanya kazi. Apumzike." Mgonjwa hufurahi. Lakini chini ya kanuni zinazotumika kwa maombi yaliyoletwa kuanzia Machi 27, 2017, maneno "hawezi kufanya kazi" au "ni mlemavu" hayana uzito wowote hata yakiandikwa na bingwa, kwa kuwa uamuzi huo umeachiwa Idara. Kanuni hizohizo ziliondoa desturi ya zamani ya kumpa daktari anayekutibu uzito wa pekee. Sasa linaloangaliwa zaidi ni kama maoni yake yameungwa mkono na vipimo, na kama yanapatana na mengine yaliyomo katika faili.

Daktari wa pili anaandika hivi: "Maumivu ya kiuno kwa miezi 14, yanashuka hadi mguu wa kushoto. Akilala chali na mguu kuinuliwa, maumivu huanza kwenye nyuzi 35. Kidole gumba cha mguu kimepungua nguvu. Picha inaonyesha kisahani cha uti wa mgongo kimechomoza na kubana neva. Hawezi kuketi zaidi ya dakika 30 bila kusimama. Habebi zaidi ya kilo mbili. Hulazimika kujilaza mara mbili kati ya asubuhi na jioni. Ametumia dawa za aina tatu na mazoezi ya viungo kwa wiki 10, nafuu ni ndogo."

Cheti hiki hakikutaja kazi hata mara moja, lakini kimejibu kila swali ambalo hakimu atauliza. Hakimu akitaka kukikataa ni lazima aeleze sababu, na hapo jaji atakuwa na kitu cha kushika.

Yako pia maneno madogo ya kliniki yanayoleta madhara makubwa. Daktari huandika "anaendelea vizuri" akimaanisha kwamba sukari haikupanda tangu mara ya mwisho. Msomaji wa faili huelewa kwamba mgonjwa amepona. Ukiulizwa "hujambo?" na daktari, usijibu "sijambo" kwa adabu ukaishia hapo. Mweleze ganzi ya miguu, mara ulizoanguka, usiku ambao hukulala. Wala usitie chumvi. Ukimwambia daktari mmoja kwamba huwezi kutembea hatua kumi, na mwingine kwamba ulienda sokoni kwa miguu, karatasi hizo mbili zitakutana ndani ya faili moja.

Maradhi yasiyoonekana

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu, uchovu, huzuni iliyozidi na wasiwasi havionekani kwenye eksirei, na ndivyo vilivyowatesa wengi katika ofisi hizi. Kuanzia Machi 1981 serikali ya Marekani iliharakisha ukaguzi wa waliokuwa wakilipwa, na mamia ya maelfu wakakatiwa. Wagonjwa wa akili waliathirika vibaya. Wengi walirejeshewa malipo baada ya kukata rufani, na mwaka 1984 Bunge la huko lilitunga sheria kwamba, kwa kawaida, mtu asikatiwe malipo bila ushahidi kuwa hali yake imepata nafuu.

Miaka miwili baadaye ilikuja kesi ya Bowen dhidi ya Jiji la New York. Iligundulika kwamba Idara ilikuwa ikifuata utaratibu ambao haikuutangaza: mgonjwa wa akili ambaye hali yake haikulingana na orodha alichukuliwa moja kwa moja kuwa anaweza kazi zisizohitaji ujuzi. Mahakama ya Juu iliruhusu hata waliopitwa na siku 60 wasikizwe, kwa kuwa hawangeweza kujua walichofichwa.

Tangu mwaka 2016 mwongozo wa Idara unataka maelezo ya mgonjwa kuhusu maumivu yapimwe pamoja na ushahidi wote, bila kumhukumu tabia. Unataka pia hakimu afikirie ni kwa nini mtu hakufuata matibabu. Kama uliacha dawa kwa kukosa fedha, au kwa kuwa zilikudhuru, mwambie daktari aandike hivyo. Pengo la miezi minane bila kliniki, likikosa maelezo, husomwa kwamba hukuwa mgonjwa. Viko vituo vya afya vya jamii huko vinavyotoza kulingana na kipato, na mgonjwa asiye na bima aanzie hapo.

Barua iliyopotea

Katika kesi ya Smith dhidi ya Berryhill ya mwaka 2019, mwombaji wa Kentucky alisema wakili wake alituma barua ya rufani kwa posta ndani ya muda. Idara ilisema haikuipata, na Baraza la Rufani likatupilia mbali ombi kwa kuchelewa. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu ndipo iamuliwe, kwa sauti moja, kwamba mahakama inaweza kukagua hata kukataliwa kwa namna hiyo. Hilo lilikuwa swali la mlango tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujaguswa. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu ile tarehe ya barua. Stakabadhi ya posta haigharimu kitu kikubwa.

Na hapa nyumbani?

Sheria zetu ni tofauti, lakini somo halibadiliki. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ana siku 60 za kupinga kwake. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi katika siku 14, na asiyeridhika na jibu ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Huko nako kiwango cha ulemavu hutegemea karatasi iliyojazwa na daktari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.

Mambo ya kushika

Kama una jamaa aliyekataliwa, mtumie ukurasa huu, na mkumbushe haya:

1. Aandike tarehe ya kila barua ya kukataliwa na ahesabu siku 60. Atume rufani kwa njia inayotoa stakabadhi.

2. Asianze maombi mapya kwa hasira akaacha rufani. Kuanza upya kunaweza kumpotezea malipo ya nyuma.

3. Alete ushahidi wote mbele ya hakimu wa Idara. Asitegemee kwamba ataongeza mahakamani.

4. Amwombe daktari aandike viwango: saa za kuketi, saa za kusimama, kilo za kubeba, siku za mwezi anazoshindwa kutoka kitandani.

5. Atafute wakili mapema. Wengi hulipwa endapo tu mgonjwa ameshinda, na kwa kazi ya mahakamani sheria haimruhusu wakili kuchukua zaidi ya asilimia 25 ya malipo ya nyuma.

6. Aliye kwenye SSI asisafiri kuja nyumbani kukaa bila kuuliza kwanza. Kuwa nje ya Marekani siku 30 mfululizo husimamisha malipo hayo.

Nawe uliye hapa una kazi. Kama jamaa yako alitibiwa Kenya kabla ya kuondoka, rekodi hizo zinaweza kuingizwa katika faili lake kuonyesha ugonjwa ulianza lini. Mwambie akutumie barua ya idhini yenye sahihi, kisha uende hospitalini uombe muhtasari wa kulazwa, majibu ya maabara na picha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuzipata habari zake. Hakikisha kila karatasi ina jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na jina la daktari linalosomeka. Nenda sasa ukiwa na nafasi. Hospitali nyingi hazihifadhi majalada milele, na siku 60 huisha upesi.